Cheni Iliyoshiba Mchanga

Cheni ya pikipiki ilikuwa imelala ndani ya karai la mafuta ya taa, na mafuta yenyewe yalishakuwa meusi tii. Mfaume, fundi wa mtaa wa Cheyo, aliisugua pingili moja moja kwa brashi ya katani. Mafuta hayo aliyapangia foleni siku mbili, na bei ilikuwa imepanda tena toka vita viishe. Leo kibatari chake kingelala kikavu. Na kilale! Mgane ana nini cha kutazama usiku?

"Baba, barafu inayeyuka," alisema Batuli, muuguzi wa chanjo. Alikuwa amelipakata kasha la chanjo ya surua kama mtoto. Kina mama wa vijiji vya njia ya Bukene walikuwa wakimngoja. Adhuhuri ikimkuta hapa, dawa ingeharibika yote.

"Hao wakubwa wako walikuambia uipake nini cheni hii?"

"Oili chafu. Kila Jumamosi."

"Ndiyo maana! Vumbi la barabara ile likionja oili, halibanduki. Cheni haijafa, mwanangu. Imeshiba mchanga."

Lukumani, karani wa stoo, akashuka kwenye baiskeli, jalada kwapani.

"Ndugu Mfaume, nani kakuruhusu kufungua mali ya umma? Pikipiki hiyo inatakiwa ikae. Cheni mpya imeagizwa Dar."

"Lini?"

"Iko kwenye utaratibu."

"Marehemu mke wangu naye alikuwa kwenye utaratibu. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa linangoja kipuri. Kipuri kikafika siku ya arobaini yake, tukiwa tunakula pilau."

Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Lukumani akafungua jalada lake.

Mfaume aliikausha cheni kwa kipande cha khanga, akakunja kila pingili. Moja ilikuwa kaidi. Akaibembeleza kwa koleo mpaka ikalegea. Kisha akaitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa jikoni, ndani yake nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe yakichemka taratibu.

"Unapika kande?" Lukumani alicheka.

"Napika nta. Nyuki wa Unyamwezi hawaombi kibali Dar."

Ilipopoa, Batuli aliigusa. Kidole kikatoka kikavu. Mfaume akaifunga, akabana kilipu cha kuungia ncha zake mbili, upande wa kilipu ulio wazi ukitazama nyuma, akavuta gurudumu mpaka cheni ikabaki na ulegevu wa vidole viwili.

Lukumani alikwisha toa fomu. "Tia dole gumba hapa, kwamba umefungua bila kibali. Ikikatika njiani, kesi ni yako. Na wewe Batuli, subiri kwanza."

"Kaka Lukumani, barafu haijui kusoma," Batuli akamjibu, kasha limekwisha fungwa nyuma. Akapiga kiki, akaondoka.

Mfaume alijifuta mikono. Dole gumba walishalichukua mara nyingi mno. "Lete kalamu," akasema. "Jina langu nimefundishwa kwenye darasa la ngumbaru. Nitaliandika mwenyewe."

Akainama juu ya fomu, sikio likiwa barabarani. Gia ya kwanza. Akaandika M. Gia ya pili. Hapo ndipo cheni ilipokuwa ikiruka meno. Kalamu ikasimama.

Gia ya tatu. Muungurumo ukanyooka, ukaelekea njia ya Bukene.

Mfaume akaendelea kuandika, herufi kubwa kubwa, mpaka nje ya mstari.