Gari Lililo Mwisho wa Reli

Kulikuwa na mwanamke aliyeifanya kazi ya kufundisha watu udereva mpaka ugonjwa wa uti wa mgongo ulipomlaza hospitali, na alipotoka huko miguu yake ilikuwa imegoma kabisa. Nusu ya madereva wa mji wake walikuwa wamepitia mikononi mwake. Walimwita Mwalimu Breki, kwa kuwa hilo ndilo neno walilolisikia zaidi kutoka kinywani mwake. Mwanafunzi pekee aliyemshinda alikuwa mumewe, mwoka mikate, mtu mpole aliyeweza kutoa trei motoni bila kuungua hata kidole, lakini akishika usukani alikuwa akifumba macho kila gari jingine lilipomjia mbele.

Kwa hiyo, baada ya ule ugonjwa, nyumba yao ilikaa bila dereva. Mume alimsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu kwenda sokoni, kliniki na kwenye duka la mikate, na njia nzima Mwalimu aliwahukumu waliopita. Yule hajawasha taa ya kukata kona. Huyu anakanyaga breki kama anaua nyoka. Alisema kwa utani, lakini mumewe alijua kwamba utani huo una njaa ndani yake.

Asubuhi moja, wakiwa mezani, Mwalimu alikuwa akipitia matangazo kwenye simu. Ghafla akaweka kikombe chini, chai ikamwagika, asiifute. Alikuwa ameona picha ya gari dogo la kijani, kuukuu lakini safi, lisilohitaji kubadilishwa gia. Pembeni mwa usukani wake kulikuwa na fimbo ya chuma. Tangazo lilieleza kwamba ukiisukuma fimbo hiyo mbele unafunga breki, na ukiivuta kwako unaongeza mafuta. Miguu haina kazi.

Mumewe akasogea, akasoma, akafurahi pamoja naye. Kisha akasoma gari lilipo. Lilikuwa kwenye mji ambao reli inaishia, upande wa pili wa nchi. Kwenda ni kutwa nzima kwenye treni, na kurudi kwa barabara ni safari ya kulala njiani.

Walimwita mdogo wake Mwalimu, ambaye alikuwa fundi wa magari. Alikuja na mikono yake ya grisi, akaitazama picha, akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na sheria moja kuhusu magari yaliyokwisha kutumika, na aliirudia kwa kila mteja: usinunue gari mbali kuliko unavyoweza kurudi kumfokea aliyekuuzia. Shemeji yake akajaribu kumwambia kwamba ya kale ni dhahabu. Fundi akamjibu kwamba kwenye magari, ya kale ni kutu, akaahidi kumtafutia dada yake gari palepale mjini na kumchomelea fimbo kama ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Umewahi kuitengeneza?" Mwalimu akamuuliza.

"Sijawahi, dada. Lakini chuma ni chuma."

"Na mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kujaribu kama inasimamisha gari."

Fundi akakuna kichwa. Wakajadiliana mpaka jua likapanda. Mwishowe wakakubaliana mpaka: hawatavuka mji wa mtoni, ulio katikati ya njia. Hadi hapo fundi angeweza kuwafikia likitokea la kutokea. Mwoka mikate akajitolea kumpigia mwenye gari na kumwomba wagawane njia nusu kwa nusu, kila mmoja aje mpaka mtoni, wamalizane pale.

Aliyepokea simu alikuwa mzee mwenye sauti ya kicheko, fundi wa redio. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwanangu," akasema, "nikishakuuzia hapo mtoni, mimi nitarudi nyumbani na nini? Hilo gari ndilo miguu yangu."

Akaeleza taratibu kwamba amepata gari kubwa kidogo, kwa ajili ya wajukuu, na bado liko kwa fundi linafungwa fimbo. La kijani litamtosha kwa mizunguko ya mtaani mpaka siku mtu atakapolichukua. Kuna mwingine ameahidi kuja Jumamosi.

Mwoka mikate alibaki ameshika simu, uso umemshuka kwa aibu. Yeye aliyemsukuma mkewe miaka yote hiyo, hata hakufikiria. Mwalimu akaichukua simu mkononi mwake.

"Mzee, usije popote. Nakuja mimi."

Mdogo wake akasimama. Akauliza kama gari likiwa bovu itakuwaje. Akajibiwa kwamba treni iliyowapeleka itawarudisha. Akauliza likiwa zima, nani atalileta? Wote wakamtazama shemeji, na shemeji akautazama mkate. Fundi akasema basi atafunga karakana, aende nao aliendeshe yeye. Mwalimu akakataa.

"Kama siwezi kulileta nyumbani mwenyewe, basi si gari langu. Leseni yangu daktari ameshaipitisha. Maji nimeshayavulia nguo, acha niyaoge."

Wakaondoka na treni ya alfajiri. Mwalimu alikuwa amevaa viatu vyake vya kazini, vile vya soli nyembamba, ingawa miguu hiyo isingekanyaga kitu. Mumewe aliviona, akamfunga kamba vizuri. Sehemu kubwa ya njia barabara ilikwenda sambamba na reli, na Mwalimu hakuondoa macho dirishani. Kona ile ni mbaya, alimwambia mumewe, itabidi tupunguze mwendo mapema. Kilima hiki tutakishuka polepole. Pale kuna kivuli kizuri cha kupumzika. Safari ya kwenda haijafika nusu, na yeye alikuwa tayari anarudi. Mwoka mikate aligawa mikate kwa abiria wa jirani na kumweleza kila aliyeuliza kwamba wanakwenda kuchukua gari, na kila alipolisema alijikuta anatabasamu.

Walilala nyumba ya wageni. Asubuhi wakamkuta mzee getini kwake, juu ya kiti chake cha magurudumu. Viti viwili vikatazamana, na kwa muda wenye viti wakapimana magurudumu kama madereva wa malori. Mwoka mikate alitaka kufungua boneti. Mzee akamzuia.

"Aingie kwanza. Gari ni kama kiatu, huulizi bei kabla ya kujua kama kinakukaa."

Akamwonyesha Mwalimu jinsi ya kuweka ubao laini kati ya kiti na gari na kuteleza juu yake. Mwalimu akaingia. Akashika usukani kwa mkono wa kulia, fimbo kwa wa kushoto, na mumewe akaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyevua mzigo.

Mzee akaketi pembeni yake, mume nyuma, wakaenda polepole mpaka kiwanja cha shule iliyofungwa likizo. Hapo mzee akamwambia aongeze mwendo, kisha asimame mbele ya goli. Mwalimu akaongeza. Goli likakaribia. Akataka kusimama, na mkono wake, kwa kuchanganyikiwa, ukaivuta fimbo badala ya kuisukuma. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba.

"Breki!" mwoka mikate akapiga kelele kutoka nyuma.

Mwalimu akasukuma. Gari likasimama, mlingoti wa goli ukiwa karibu kuugusa uso wa gari. Vumbi likawapita. Kisha mzee akaanza kucheka, Mwalimu akafuata, wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na mwoka mikate nyuma yao akishikilia moyo wake.

"Mkono wako bado unafikiri kama mguu," mzee akamwambia. "Upe siku moja."

Akampa siku hiyo nzima. Walizunguka kiwanja, wakarudi nyuma, wakapaki kati ya mawe, wakapanda kilima na kusimama katikati yake. Mchana wakampigia fundi kule nyumbani, na yeye akaamuru simu iwekwe juu ya injini. Akasikiliza muda mrefu, akasema walizime, waliwashe tena, waongeze mafuta. Mwisho akakiri kwa shingo upande kwamba hasikii ubaya wowote. Bei haikuwachukua muda, ila ufunguo mzee hakuutoa mpaka kesho yake, alipomwona Mwalimu akisimama mara tatu bila kufikiri.

Wakati wa kuagana aliupapasa mlango wa gari, akawaambia kwamba linapenda kupashwa moto taratibu asubuhi, kisha akageuza kiti chake na kuingia ndani asingoje kuwaona wakiondoka.

Barabara ikafunguka. Mwalimu aliimba, akanyamaza, akaimba tena. Kona mbaya aliikuta alikoiacha, akaipunguzia mwendo mapema. Mkono ulipomuuma walipumzika kwenye kile kivuli, na mumewe akamlisha mkate kipande kwa kipande huku akimkanda bega. Lori lilipowajia mbele, mume alikuwa hafumbi tena macho. Walilala mji wa mtoni, wakaamka, na siku ya pili wakakishuka kilima kirefu, mkono wa Mwalimu ukisukuma fimbo kidogo kidogo, kwa utulivu, kana kwamba haujawahi kufanya kazi nyingine.

Mchana wakaingia mjini kwao. Mwoka mikate alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi. Mwalimu akafika mbele ya nyumba yao, akapunguza mwendo, akautazama mlango. Kisha akaivuta fimbo taratibu, akapita.

Akazunguka soko. Akapita mbele ya duka la mikate, mbele ya kliniki, mbele ya karakana ambako mdogo wake alichomoka chini ya gari la mtu na spana mkononi, akamkimbilia akipunga mikono, akitaka kufungua boneti. Mwalimu alimpungia na yeye, akaendelea, akiwasha taa ya kukata kona kila palipostahili.

Mumewe akajigeuza, akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Tulifika zamani," akasema Mwalimu. "Endelea kulala."