Pembe ya Wabeba Machela

Kijijini kwao, upande wa Murusagamba, pembe ya mzee Protasi, kiongozi wa wabeba machela, ilikuwa na sheria moja: ikilia, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja, na hakuna kuuliza nani mgonjwa. Unaacha jembe, unaacha hata pombe ya ndizi uliyokwisha kumiminiwa, unakuja kubeba machela. Zahanati ilikuwa mbali, na gari lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Chama cha machela kilikuwapo hata kabla ya kijiji cha ujamaa.

Mwaka wa vita akaja Sajini Shibuda kufundisha mgambo. Alisema askari na vyama vya wananchi lazima wajue kufanya kazi pamoja. Akawafundisha wabebaji kufunga majeraha. Wao wakamfundisha kupokezana machela mlimani bila kuitua. Kwa kweli ilipendeza. Kila jioni alikula kwa Protasi, akimwita baba, akimvisha kilemba cha ukoka, na mzee wa watu, jamani, akakivaa.

"Baba, nifundishe na mimi kuipuliza pembe," alisema siku moja. "Majeruhi wakiletwa nawe uko shambani, nani atawaita watu?"

"Nitakufundisha. Lakini pembe hii ni ya mgonjwa tu, mwanangu. Ukiipulizia jambo jingine umeniua."

"Naapa kwa jina la mama yangu."

Asubuhi moja Protasi alikuwa kwenye maharage yake akasikia pembe. Alikimbia. Uwanjani wanaume walikuwa wamejaa, wengine miguu mitupu, wakitafuta mgonjwa kwa macho. Mgonjwa hakuwepo. Lilikuwepo lori. Sajini alikuwa ametakiwa kutafuta watu wa kujitolea kwenda vitani, akapata wachache, akaona hii ndiyo njia ya mkato. Watu wenye bunduki wakawapandisha.

"Mwanangu, uliapa," Protasi alisema.

Shibuda alimrudishia pembe bila kumtazama. "Nchi nayo inaumwa, mzee." Akapanda mbele, lori likaondoka.

Tangu hapo Auleria, jirani ambaye mwanawe alichukuliwa, hakumwamkia tena Protasi. "Si wewe uliyemfundisha?" alimwambia kisimani, mbele ya watu. Kilichomkereketa Protasi ni lile neno baba. Alilipenda, mjinga yeye.

Kisha uchungu ukamshika bintiye, Adelfina, na mtoto akakaa vibaya. Mumewe alikuwa ameondoka na lori lile lile. Mkunga akasema ni zahanati, tena sasa hivi. Protasi akachukua pembe, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Wanaume waliobaki waliisikia vizuri sana. Aliwaona wakichomoka migombani, majembe wameyatupa, wakiteremka mbio kwenda kujificha ng'ambo ya mpaka.

"Ni mgonjwa!" alipiga kelele. "Ni Adelfina! Safari hii ni mgonjwa kweli!"

Hakugeuka hata mmoja. Mlangoni kwake, Auleria alisimama kidogo, akaingia ndani, akafunga.

Protasi aliiweka pembe chini, akashika machela mbele. Mkewe Domisiana akashika nyuma. Walipoinua, machela ikayumba, na Adelfina akafumbua macho.

"Baba, wengine wako wapi?"

"Wanakuja, mwanangu," alisema Protasi, bila kumtazama.