Mkasi Nao Unakula

Mimi mdomo wangu hauna breki, na hilo halina ubishi. Binti wa shangazi yangu, tunayelingana naye umri, anaitwa Kimya. Sina haja ya kukueleza kwa nini. Shule ikifungwa, sote wawili tunajifunza ushonaji kwa Shangazi, fundi ambaye wateja wake hupanga foleni mpaka nje.

Shangazi ana desturi yake. Mteja akileta kitambaa, yeye hukipima, hukigeuza, hukikata kwa kubana mpaka kibaki kipande kizuri. Kipande hicho hakirudi kwa mwenyewe. Kinaingia kwenye mfuko chini ya meza, na kikitoka humo ni gauni la mtoto, linauzwa. Mteja akiuliza, jibu ni lile lile: "Mkasi nao unakula."

"Huo ni wizi," nilimwambia Kimya. "Akiuliza mtu tena, nasema. Haki ya Mungu nasema!"

Kimya akakata uzi kwa meno, akatikisa kichwa kukubali. Lakini Shangazi alishaapa kwamba atakayeugusa mfuko ule hatakaa tena kwenye cherehani. Na mimi duniani sitaki kingine ila kuwa fundi.

Jumatatu akaja mkunga, tumbo lake mwenyewe likimtangulia mlangoni. Alifuata gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha marehemu mama yake. Akalipapasa, machozi yakamlengalenga.

"Fundi, hakikubaki hata kidogo? Nataka nimshonee mwanangu kofia, naye apate kitu cha bibi yake."

"Ningekunyima, mwanangu? Mkasi nao unakula."

Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka! Ulimi ulinikauka, mimi bingwa wa maneno. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Mama, kipo."

Ni Kimya huyo. Alikuwa amesimama, sindano bado iko vidoleni.

Shangazi akaangua kicheko. "Huyu hasemi mwaka mzima, akisema anaota!" Akanigeukia. "Haya wewe, redio yetu, mwambie mgeni ukweli."

Alinitegemea. Ningetia utani mmoja tu, mkunga angecheka akaondoka, na Kimya angebaki mwongo mbele ya mama yake mzazi. Nikainama, nikauvuta mfuko. Kitambaa kilishakuwa gauni dogo, limebaki kutiwa mkono mmoja. Nikampa mkunga kwa mikono miwili.

Mkunga hakugomba. Alilitazama, akamtazama Shangazi. "Umelishona vizuri, Fundi," akasema, akaenda zake.

Shangazi akauvua mkanda unaozungusha cherehani yetu, akautia mfukoni mwa gauni lake. "Wenye midomo washone kwa mkono."

Basi tukawa watu wa vifungo na pindo, vidole vimejaa matundu. Sitajifanya shujaa: nililia chooni.

Ijumaa akaja mwalimu mmoja kuchukua suruali yake. Shangazi akaikunja, akasita, akatutazama kama mtu anayetafuna ndimu. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kipande, akakibwaga juu ya suruali.

"Hiki chako."

Mwalimu wala hakuwa ameuliza.

Mkanda hajaturudishia mpaka leo. Lakini Ijumaa ile nilimgeukia Kimya nimsemeshe, nikakuta anatabasamu peke yake, mkono ameunyoosha kwangu.

"Nipe vifungo vingine," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje.