Uchachu wa Mvua ya Ustahimilivu

Katika nchi ya Majisifu heshima ya mji ilipimwa kwa urefu wa madohani yake, na Fahari, mji wa matanuri ya kuyeyushia shaba, ulikuwa na madohani marefu hata wakazi wake walisahau harufu ya moshi wao wenyewe. Upepo uliuchukua moshi huo hadi bonde la Ustahimilivu, ambako mvua ilinyesha chachu, maharagwe yakanyauka na ziwa likaishiwa samaki. Wanazuoni wa Fahari walifasiri kwamba uchachu ule ulizaliwa na husuda ya watu wa bondeni.

Bi Makini wa Ustahimilivu hakubishana nao. Kwa miaka ishirini alikinga kila mvua katika bakuli safi, akaitia maji ya maua ya samawati, ambayo huwa mekundu yakikutana na uchachu, kisha akaandika alichokiona. Mwaka baada ya mwaka wekundu ulikolea. Alipopeleka daftari lake Fahari, alishtakiwa mbele ya baraza la Sultani kwa kuisingizia mbingu.

"Bibi, una hoja gani zaidi ya rangi za maua?" aliuliza Kadhi Upendeleo.

"Mheshimiwa Kadhi, Sultani alipofiwa na mama yake, matanuri yalizimwa miezi mitatu. Miezi hiyo mvua yetu haikuwa na uchachu."

"Pengine mlipunguza husuda."

"Miezi hiyo tulikatazwa kulima, tukaomboleza msiba usio wetu kwa njaa iliyo yetu. Hatujapata kuhusudu kama wakati ule."

Baraza lilicheka kabla ya kupewa idhini. Waziri Papara akashauri madohani yarefushwe, moshi ulivuke bonde.

"Na ng'ambo ya bonde kuna nini?" aliuliza Sultani Ghururi.

"Mizabibu yako, Mtukufu," alijibu Makini.

Siku ile ile Sultani aliamuru moshi wote uoshwe kwa maji ya chokaa kabla haujatoka.

Matanuri yalitiwa maji hayo moja baada ya jingine, na mwaka wa tisa baada ya amri mvua ilirudia usafi wake. Majirani walimsihi Makini apumzike, kwani magoti yake yalikuwa yamechoka. Yeye alitazama ziwa, ambalo bado halikuwa na samaki.

"Mvua imepona, udongo bado," alisema. "Mgonjwa haachwi kwa sababu jirani yake ameinuka kitandani."

Wingu lilikuwa limetanda. Akaosha bakuli, akatoka.