Kome Ndani ya Jiwe

Mume wangu ni mchungaji, nami nafundisha baiolojia. Jumapili iliyopita alisema madhabahuni kwamba siku hizi wapo wasomi wanaojisifia ukoo wa nyani. Kanisa zima likanigeukia, likacheka.

Tulipofika nyumbani sikumtengea chakula. Nilimwekea mezani lile jiwe ninalofundishia, lililotoka mlimani likiwa na kome wa baharini ndani yake.

"Gharika ndiyo iliyompandisha huko," akasema.

"Gharika ingevuruga kila kitu, baba watoto. Mlima ule una matabaka, na kila tabaka lina viumbe wake. Wa chini hawafanani na wa juu. Hiyo ni kazi ya mamilioni ya miaka, si ya mvua ya siku arobaini."

"Kwa hiyo Nuhu nimtupe?"

"Usimtupe. Hubiri habari zake vizuri. Mtu alichekwa na kila mpita njia, naye akaendelea kupigilia misumari."

Akaligeuzageuza jiwe mkononi. Kisha akauliza taratibu kama kesho bado nitafundisha somo la jiwe hilo.

"Kuchekwa nimeshachekwa," nikamjibu. "Kilichobaki ni misumari."