Vyeo Kwanza, Risasi Baadaye

Maneno yenyewe yalikuwa kumi na mawili tu. Mama Pacha aliyahesabu kwa ncha ya kalamu kwenye kioo cha kompyuta: "Kesho Alhamisi msiende kwenye machimbo ya kokoto. Jeshi litapiga risasi za moto." Wanawe, walio darasa la pili, wangeyasoma wakaelewa, tena wakagombana nani kamaliza wa kwanza. Aliyachapa kwenye karatasi Jumatano saa tatu asubuhi, akayapeleka yakapate mhuri. Pale kikosini hakuna neno lililoingia mtandaoni bila kupita kwenye karatasi, na hakuna karatasi iliyokwenda popote bila mhuri.

Saa nane mchana karatasi ilikuwa bado haijarudi.

Si kwamba alikuwa mgeni wa kungoja. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne kama mtumishi raia katika ofisi ya habari, kazi yake kutunza ukurasa wa kikosi, na alishajua kwamba salamu za siku ya kuzaliwa ya Mkuu hupata mhuri kwa dakika kumi, ilhali taarifa ya maji kukatika hupata mhuri maji yakiwa yamesharudi. Lakini hii haikuwa habari ya maji. Miaka yote mazoezi ya shabaha yalifanyika Jumatatu, na wagonga kokoto wa nyuma ya kilima walikwishazoea kwamba Jumatatu ni siku ya kufua nguo. Safari hii walikuja wageni wakubwa, zoezi likahamishiwa Alhamisi saa moja asubuhi. Walinzi wangewekwa barabara kuu. Ila wagonga kokoto hawakupita barabara kuu. Walipita korongoni, njia ya mkato, kabla jua halijachomoza, na ukiwa korongoni bendera nyekundu ya onyo huioni hata ukisimama juu ya ndoo.

Zamani gari la matangazo lingezunguka mitaani siku moja kabla, kipaza sauti juu yake kikikwaruza. Likasimamishwa. "Tuna ukurasa sasa," Meja, msimamizi wa ofisi ya habari, alisema siku hiyo, kama mtu aliyenunua jiko jipya akatupa mafiga.

Na miongoni mwa wagonga kokoto hao alikuwemo dada yake Mama Pacha, tumbo moja, ziwa moja, ambaye machimbo yote yalimjua kwa jina la Nyundo.

Karatasi ilirudi saa nane na nusu. Mama Pacha alianza kuisoma amesimama, akamaliza ameketi.

"Mheshimiwa Kanali, Mkuu wa Kikosi, Mlezi wa Michezo, Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira Safi, Mshindi wa Nishani ya Utumishi Uliotukuka Daraja la Pili, kwa niaba ya maofisa, askari na watumishi raia wote, anayo furaha kuwataarifu wananchi wapenda amani..."

Alikwenda nayo moja kwa moja kwa Meja. Meja alikuwa mpole, mtu wa kupanga kalamu zake kwa urefu, na upole huo ulimchosha Mama Pacha kuliko ukali wa wengine.

"Afande, risasi ziko wapi humu?"

"Zipo. Mstari wa saba."

"Kwenye simu mtu anaona mistari mitatu. Iliyobaki mpaka abonyeze 'soma zaidi'."

"Basi atabonyeza."

"Habonyezi, afande. Mimi mwenyewe sibonyezi, na ndiyo kazi inayonilisha."

"Mama Pacha, huwezi kumtaja Mkuu baada ya risasi. Vyeo kwanza. Ndio utaratibu."

"Na picha niweke ipi? Ya bendera nyekundu?"

"Weka ya Mkuu. Ile ya sare ya sherehe. Anatabasamu vizuri pale."

Akaweka. Angefanyaje? Mhuri ulikuwapo, umegongwa mpaka ukavuja upande wa pili.

Kufika saa tisa laiki zilikuwa mia sita. Mama Pacha alishusha macho kwenye maoni. "Hongera sana mkuu." "Mungu akuzidishie." "Kapendeza baba wa watu." "Nafasi za kujiunga zinatoka lini?" "Anastahili, wenye wivu wajinyonge." Hakuna aliyeuliza habari ya risasi. Hakuna aliyeuliza habari ya kesho. Halafu, chini kabisa, picha ya nyundo, na maneno: "Hongera afande, usitusahau na sisi wagonga kokoto."

Akainua simu.

"Dada, umesoma tangazo letu?"

"Nimesoma, mdogo wangu, na kumpongeza nimempongeza. Kapandishwa nini?"

"Hajapandishwa! Chini umesoma?"

"Chini wapi?"

"Palipoandikwa 'soma zaidi'."

"Zaidi ya pale? Kanali, mlezi, mwenyekiti... nikajua zaidi ni wajukuu zake."

"Dada, kesho kuna risasi. Za kweli. Hapo hapo mlipokaa."

Nyuma ya sauti ya dada nyundo za wenzake ziliendelea, ko, ko, ko.

"Kesho si Jumatatu," Nyundo akasema.

"Ndicho ninachokwambia."

"Haya. Wa upande wangu nitawaambia. Lakini huku tuko mia na zaidi, mitaa mitatu. Wengine nawajua kwa migongo tu. Na picha wameshaiona, hongera wameshatoa. Nani atarudi kusoma?"

Mama Pacha alirudi kwa Meja na ombi la gari la matangazo. Gari lilikuwa limekwenda kubeba viti vya wageni. Akaomba basi wabadilishe tangazo, waanze na onyo. Mshika mhuri alikuwa ameshatoka.

"Halafu Mkuu ameona zile laiki," Meja alisema. "Amefurahi. Amesema hatujawahi kuwafikia wananchi namna hii."

"Kuwafikia na nini, afande?"

Meja alinyoosha kalamu iliyokuwa imekaa upande.

Saa tisa na nusu Mama Pacha alifunga mlango wa ofisi kwa kisigino, akaweka rangi nyekundu nyuma, akaandika yale maneno yake kumi na mawili kwa herufi kubwa, akaongeza "hata njia ya korongoni", na kubonyeza. Bila karatasi. Bila mhuri.

Hapo ndipo watu walipoamka. "Saa ngapi?" "Mpaka saa ngapi?" "Wa malori je?" "Mbuzi wangu wanalala huko!" Utaratibu mwingine wa ofisi ulikuwa kwamba jeshi halijibizani na raia mtandaoni. Mama Pacha alijibizana nao saa nzima na ushei. Saa moja asubuhi hadi saa sita. Malori pia. Mbuzi waondoe leo leo, baba, risasi haichagui pembe. Watu wakasambaza, mtaa kwa mtaa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikunywa chai yake, japo ilishapoa.

Saa kumi na moja jioni, akiwa anafunga mkoba, Nyundo alimpigia.

"Mbona mmefuta?"

"Tumefuta nini?"

"Lile jekundu. Halipo. Watu wanasema wameondoa wenyewe, basi zoezi limeahirishwa. Wameshaanza kurudisha nyundo kwenye ndoo za kesho."

Mama Pacha alijaribu kufungua ukurasa. Neno la siri halikukubali. Akajaribu tena taratibu, herufi moja moja, kama anayemlisha mgonjwa. Halikukubali. Akampigia Meja.

"Nimelifuta mimi," Meja alisema kwa upole wake ule ule. "Halikuwa na mhuri. Tangazo halali si lipo?"

"Afande, ukifuta onyo watu wanaelewa hatari imekwisha!"

"Hakuna mahali tumeandika imekwisha."

"Basi andika kwamba haijaisha!"

"Mhuri umefungiwa, mama. Kesho uje na barua ya kujieleza."

Alitaka kulia, akaona kulia nako kutamlia muda. Alimwambia mumewe awapeleke watoto shule asubuhi, akatega kengele ya saa kumi alfajiri, na saa kumi na moja kasoro alikuwa mdomoni mwa korongo pamoja na dada yake, mmoja ameshika simu, mwingine ameshika nyundo na beseni la bati.

Walikuja mmoja mmoja, kisha makundi makundi, ndoo kichwani. Nyundo aligonga beseni. Mama Pacha akapaza sauti.

"Rudini! Leo kuna risasi!"

"Si mlifuta?" mwanamke mmoja mnene alimuuliza, hajasimama vizuri.

"Tulifuta kimakosa. Zoezi lipo."

"Wewe nani?"

"Natoka ofisi ya habari ya kikosi."

"Mbona huna sare? Kama ni kweli, si ingekuwa kwenye ukurasa wao?"

"Ipo kwenye ukurasa!"

"Iko wapi? Pale kuna picha ya mzee tu."

Mama Pacha alifungua simu, akabonyeza "soma zaidi", na pale korongoni, watu thelathini hivi wamemzunguka na wengine wakiongezeka, akaanza kuwasomea. Alisoma Kanali, alisoma Mkuu wa Kikosi, alisoma Mlezi wa Michezo. Alipofika kwenye nishani mtu akapiga mwayo. Alipofika kwenye wananchi wapenda amani mzee mmoja akasema, "Binti, kutakucha." Akafika mstari wa saba.

"...kuwa zoezi la kulenga shabaha kwa risasi za moto litafanyika Alhamisi..."

Wa nyuma wakasogea.

"Hebu rudia hapo," yule mnene akasema, ameshusha ndoo. Akarudia. "Sasa hilo wamelifichia nini huko chini?"

"Niulize mimi!" Mama Pacha alifoka, na sauti yake ikagonga kuta za korongo ikamrudia.

Waligeuka. Si wote kwa mara moja. Wawili walibishana, mmoja alitaka kwanza akachukue ungo wake aliouacha jana, na Nyundo akamwambia achague, ungo au kichwa. Saa moja kamili risasi ya kwanza ililia nyuma ya kilima. Korongoni hapakuwa na mtu. Dada wawili walikaa juu ya jiwe, beseni katikati yao.

"Na mimi nilimwandikia hongera," Nyundo akasema.

Saa tatu Mama Pacha alikuwa ofisini, vumbi kwenye viatu. Ukurasa ulikuwa na picha mpya: Mkuu na wageni, kofia za chuma, na chini yake shukrani kwa wananchi waliotii tangazo lake. Laiki mia tisa. Akazima kompyuta.

Akaandika barua. Mstari wa kwanza: "Nilisema watu wasiende, na hawakwenda." Meja aliisoma akamrudishia bila kukasirika. Barua ya kwenda kwa Mkuu haianzi hivyo. Vyeo kwanza.

Mama Pacha akaketi upya. Safari hii aliweka vyeo vyote, pamoja na vya kamati zilizokwishavunjwa, na nishani zote na madaraja yake, mpaka ukurasa wa kwanza ukajaa pomoni. Kwenye ukurasa wa pili alieleza alichofanya na kwa nini, asiombe radhi, na akamalizia kwa kuomba gari la matangazo litoke siku moja kabla ya kila zoezi.

Meja alisoma ukurasa wa kwanza kwa raha, kichwa kikitikisika kila penye nishani. "Unaona? Ukitaka unaweza." Akaandika juu yake "Imeridhiwa", kwa niaba ya Mkuu, akaweka sahihi, akamwita mshika mhuri aje agonge. Mama Pacha alisimama akingoja ageuze ukurasa. Alingoja kwa haki kabisa, mpaka Meja akamuuliza kama kuna jambo jingine.

"Hakuna, afande."

Wageni walikuwa wamelipenda zoezi, wakaomba jingine Jumatano ijayo. Jumanne asubuhi Mama Pacha alishuka karakana na barua yake. Dereva wa gari la matangazo aliifunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza, akautazama mhuri kwa muda.

"Imeridhiwa, na mhuri upo. Mimi nani nibishe?" Akapuliza vumbi kwenye kipaza sauti. "Niseme nini?"

"Sema kesho watu wasiende machimbo. Kuna risasi za moto. Basi."

"Na vyeo? Nianze navyo?"

Mama Pacha alifungua mlango wa gari, akapanda mbele, akaunyoosha mkono kukichukua kile kipaza.

"Lete hapa," akasema.