Ukuta wa Chumba cha Mama

Dada yangu aliniita nikauangalie ukuta wa chumba cha mama. Kifua cha mama kilikuwa kinabana, na daktari alishasema unyevu wa ukuta ule utammaliza.

"Mhamishe," nikasema.

"Vipi? Anasema hamwachi baba peke yake."

Baba ndiye aliyeujenga ukuta ule, na alikufa akiupiga plasta. Alikuwa fundi hodari ila mbishi. Nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi hakutandika. Mimi nami ni fundi. Shule niliiacha mapema, lakini hili nalijua: tofali lina vitundu vyembamba kuliko unywele, na maji hupanda humo yenyewe, kama mafuta kwenye utambi. Yakifika kiunoni huchoka, yakaacha mstari wa chumvi.

Haya hayakuchoka. Yalipanda kwa upana wa mabega ya mtu mpaka usawa wa kidevu changu. Pembeni, ukuta mkavu kabisa.

"Labda bomba," dada akasema.

"Bomba liko jikoni, bibie."

Mama akacheka kitandani. "Babako alisema una mikono ya fundi na moyo wa kuku."

Nilikata ukuta chini, kipande kwa kipande, nikachomeka nailoni, nikaziba kwa saruji. Mama alinitazama kila nilipogonga nyundo, kama mtu anayeshonwa jeraha. Baadaye doa likakauka, naye akaanza kupumua vizuri. Dada akaniita daktari wa kuta.

Halafu asubuhi moja nikamkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, pindo la gauni limegusa sakafu. Niliipapasa sakafu: kavu. Ukuta: mkavu. Lakini gauni lilikuwa limelowa kuanzia chini, na kiunoni pana mstari mweupe. Niliugusa, nikalamba kidole. Chumvi.

"Inua miguu, mama."

"Ulimzibia babako njia," akasema taratibu. "Ulitaka apite wapi?"

Nikamwinua mwenyewe. Alikuwa mzito kama tofali lililolowekwa, na mstari ulikuwa umeshafika kifuani. Nikamlaza, nikamwambia dada alete patasi. Nailoni niliing'oa yote.

Sasa doa limerudi usawa wa kidevu. Gauni limekauka. Mama anakohoa. Nikienda kumwona, miguu yangu naiweka juu ya stuli.